Betri nzima na betri iliyopasuliwa: sheria huhesabuje kemikali?

Tukisikia neno kemikali, wengi wetu twafikiria chupa yenye alama ya fuvu la kichwa. Sheria za kemikali hazianzii hapo. Huanza na swali jepesi: hiki ni kitu gani? Jibu ndilo linaloamua nani ana wajibu wa kukwambia kilichomo ndani.

Nachukua mfano wa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, iitwayo REACH, ambayo imeyapanga haya kwa mafungu matatu.

La kwanza ni dutu: kemikali yenyewe, iwe ya asili au ya kiwandani, kama chumvi au madini ya risasi. La pili ni mchanganyiko: dutu mbili au zaidi zilizotiwa pamoja, mfano rangi ya boti au sabuni ya maji. La tatu ni kitu kilichoundwa, yaani kile ambacho umbo lake ndilo linalokipa kazi kuliko kemikali zake. Kiti ni kiti kwa umbo lake.

Mafungu haya huweza kukutana. Kopo la dawa ya mbu ni kitu kilichoundwa, lakini dawa iliyomo ni mchanganyiko, na huhesabiwa mbali.

Tofauti hii ina uzito. Dutu na michanganyiko ya hatari hubandikwa alama za tahadhari. Vitu vilivyoundwa kwa kawaida havibandikwi. Ndiyo maana Ulaya, kitu kikiwa na dutu iliyoorodheshwa kuwa ya kutia wasiwasi mkubwa kupita asilimia 0.1 ya uzito wake, mnunuzi akiuliza lazima ajibiwe ndani ya siku 45, bila malipo. Mwaka 2015 mahakama yao kuu ilifafanua kuwa hesabu hiyo hufanywa kwa kila kipande: mpira wa usukani wa baiskeli, si baiskeli nzima.

Sasa tazama betri ya gari. Kwa hesabu hiyo ni kitu kilichoundwa, na ikiwa nzima hukaa garini bila kumdhuru mtu. Ipasue uiyeyushe, risasi yatoka kwa moshi na vumbi. Owino Uhuru, hapa Mombasa, wakazi waliugua na watoto wakapatikana na risasi mwilini kwa ajili ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha ukafuata mvutano mrefu wa rufaa.

Kwa hivyo naona haitoshi kuuliza kama kitu ni salama leo. Tuulize kimetiwa nini, na kikichakaa kitaenda wapi. Dini yetu yamtaka muuzaji aitaje aibu ya mali yake kabla ya kupokea pesa. Sumu iliyofichika ndani ya kitu ni aibu kubwa kuliko ufa, na mnunuzi ana haki ya kuijua.