Helmeti kwa vijana tu? Italia ilishajaribu

Mwaka 1986 Italia ilipitisha sheria iliyoonekana ya busara. Kwenye pikipiki kubwa kila mtu alitakiwa kuvaa kofia ngumu. Kwenye vile vipikipiki vya injini ya cc 50, ambavyo mtoto wa miaka 14 aliruhusiwa kuendesha bila leseni, waliolazimishwa ni wenye umri wa chini ya miaka 18 tu. Mtu mzima aliachiwa ajiamulie.

Barabarani ikawa kazi nyingine. Trafiki anayesimama njia panda hawezi kujua kama anayepita ana miaka 17 au 19. Akimsimamisha mmoja aulize kitambulisho, kumi wameshapita. Naye kijana, akimwona kaka yake wa miaka 20 anakatiza mitaa kichwa wazi, anaelewa upesi kwamba kofia ni ya watoto. Nani wa umri huo anataka kuitwa mtoto mbele ya wenzake?

Mwisho wa Machi 2000 Italia ikaondoa ubaguzi huo: kila anayepanda, wa umri wowote, avae. Watafiti waliofuatilia matokeo walikuta uvaaji umepanda kutoka chini ya asilimia 20 hadi zaidi ya asilimia 96. Katika eneo la Romagna, wagonjwa wa pikipiki waliolazwa kwa majeraha ya ubongo walipungua kwa karibu theluthi mbili.

Mwaka huohuo jimbo la Florida, Marekani, lilikwenda kinyume. Liliwaruhusu wenye miaka 21 na kuendelea, wakiwa na bima ya matibabu, waendeshe bila helmeti. Walio chini ya umri huo waliendelea kubanwa na sheria. Hata hivyo, vifo vya vijana hao waliokuwa bila kofia viliongezeka. Wakubwa walipoivua, wadogo nao wakaivua.

Kwetu pikipiki ni ajira ya kijana na usafiri wa kila mtu, na somo hilo linatuhusu. Kigali dereva hubeba helmeti ya pili, na abiria huivaa kabla safari haijaanza, awe mwanafunzi au mzee. Kwenye vijiwe vingi vya Dar es Salaam kofia inaning'inia kwenye kioo cha pembeni au imepachikwa kwenye kiwiko, na hupanda kichwani trafiki akionekana mbele. Abiria akipewa yake huinusa kwanza, maana sponji ya ndani imekunywa jasho la watu wa tangu asubuhi. Aliyetoka kusuka anakataa, mwenye hijabu anasita. Hivyo si visingizio vitupu. Kikofia chepesi cha kuvaa ndani, au abiria wa kila siku kununua helmeti yake, kunamaliza sehemu kubwa ya ugomvi huo.

Kuna na suala la kamba. Helmeti isiyofungwa kidevuni hufika chini kabla ya mwenyewe. Kazi ya helmeti hufanywa na ganda, linalosambaza kishindo, na povu gumu la ndani, linalopondeka ili ubongo usibebe pigo lote kwa mkupuo. Povu likishapondeka halirudi, hivyo kofia iliyokwisha kupata ajali haifai tena hata kama rangi bado inang'aa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba helmeti bora, ikivaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40 na ya majeraha makubwa ya kichwa kwa takriban asilimia 70. Faida hiyo haipatikani kwa kofia iliyo kwenye kiwiko.

Kila ajali mbaya ikitokea husikika kilio kilekile: vijana wa bodaboda wabanwe. Wabanwe, ndiyo. Lakini kijana huyohuyo humbeba mwalimu, diwani na hata askari, na wote hupanda kichwa wazi bila kuulizwa. Na kuna baba anayewapeleka wanawe shule asubuhi, yeye kavaa, wawili walio nyuma hawana kitu. Trafiki akianza kumsimamisha abiria pia, na abiria akianza kukataa pikipiki isiyo na helmeti ya pili, dereva kijana hatakuwa na wa kumwiga akiivua. Italia ilichukua miaka 14 kulikubali hilo; sisi tunaweza kuanza Jumatatu.