Sumaku, Sigara na Maradhi ya Akili
Askari alindaye jumba la mikutano la Kigobe, mjini Bujumbura, yu jirani na Kamenge, ilipo hospitali ya maradhi ya akili. Huenda mgonjwa wa skizofrenia akamwomba sigara, naye akampa kwa huruma. Huruma hiyo ina gharama: moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje upesi baadhi ya dawa za ugonjwa huo, kama vile klozapini, zikapungua mwilini. Naye mgonjwa akiacha sigara ghafla, dawa huweza kumzidi. Lazima daktari atazame upya kipimo chake. Mnamo mwaka 2020 Marekani iliidhinisha mashine ya sumaku ichocheayo ubongo bila kupasua kichwa, ili kuwasaidia wavutaji waache. Kwa wenye skizofrenia, majaribio yaliyofanywa ni madogo, na matokeo yake hayaafikiani.