Nyungunyungu Nyuma ya Jiko: Kitoweo cha Kuku wa Umoja

Imo katika Sahihi Bukhari habari ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipoandaliwa chakula chenye nyama ya kuku. Mtu mmoja miongoni mwa waliokuwapo alijitenga na sinia, akaeleza kuwa aliwahi kumwona kuku akila kitu kilichomtia kinyaa, hata akaapa kutomla tena. Abu Musa akamwita asogee, kwani yeye mwenyewe alimwona Mtume (S.A.W.) akila kuku.

Kinyaa cha bwana yule anakijua vyema mama anayefuga kuku katika mitaa ya Umoja, mashariki ya Nairobi, ambako baadhi ya jamaa zetu wa pwani wamefanya maskani. Kuku akipenya tu nje ya lango hukutana na mtaro wa maji machafu na lundo la taka pembezoni mwa njia, na Mungu ndiye ajuaye anachokidonoa humo. Wanazuoni wetu humwita mnyama aliyezoea kula najisi *jallala*, neno ambalo masikioni mwa Mswahili linakaribia mno jalala. Hadithi ya Ibn Umar (R.A.) yakataza kula nyama yake na kunywa maziwa yake. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Kishafi, alipima jambo hili kwa kubadilika kwa nyama, na akaona kauli yenye nguvu ni kuwa ni makuruhu, ingawa Imam Rafi'i kabla yake alielekea kwenye uharamu. Dawa yake ni kumfungia mnyama na kumlisha chakula safi hadi athari iondoke; kwa kuku, Ibn Umar alikuwa akimfungia siku tatu.

Kumfungia kuku ni rahisi kusema. Akifungiwa hukosa wadudu na majani aliyokuwa akijitafutia, na mzigo wa kumlisha wote humwangukia mwenyewe. Mahindi na pumba humpa nguvu, lakini kuku wa mayai ahitaji pia protini, nayo ndiyo sehemu ya gharama katika gunia la chakula cha kuku. Viwanda hutumia soya na omena, na omena hao hao ndio kitoweo cha watu. Hapo ndipo anapoingia kiumbe tunayemkanyaga bila kumtazama: nyungunyungu.

Si kila nyungunyungu afaaye. Yule mkubwa wa kijivu anayechimba shimo refu shambani hatakaa ndani ya chombo. Afaaye ni mwekundu mdogo, ambaye wataalamu humwita Eisenia fetida, aishiye karibu na uso wa ardhi katika samadi na majani yanayooza. Huuzwa kwa uzito na watu wanaowafuga. Hupumua kwa ngozi, ndiyo maana akikauka hufa, na akizama majini hufa vilevile. Apendalo ni ubaridi wa kadiri, nyuzi 15 hadi 25, na hali ya hewa ya Nairobi yamfaa kuliko joto la Mombasa. Msomaji aliyeko Kisauni au Likoni asikate tamaa, ila chombo chake akiweke kivulini kabisa, maana joto likipita nyuzi 35 halimwachi hai.

Nyumba za Umoja zilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa fedha za Marekani, zikiwa ndogo na zenye nafasi ya mwenyewe kuongeza vyumba. Nafasi hiyo imeongezwa kwelikweli. Pengi penye ua pamesimama ghorofa. Hata hivyo, chombo cha nyungunyungu hakitaki shamba. Pipa la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, likalazwa chini ya ngazi au nyuma ya jiko, latosha. Upana una faida kuliko kina, kwa kuwa viumbe hawa hawapendi kushuka chini sana. Litobolewe matundu madogo chini, na chini yake kiwekwe chombo cha kukinga maji. Ndani yatandikwe maboksi na magazeti yaliyochanwa, yakaloweshwa na kukamuliwa mpaka yawe kama kitambaa kilichofuliwa punde. Juu lifunikwe kwa gunia, kwani mwanga huwaudhi.

Kilo moja ya nyungunyungu waliokwisha kuzoea makao hula kama nusu kilo ya mabaki kwa siku. Wapewe majani ya nje ya kabichi, vikonyo vya sukuma wiki, maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Mama mboga wa soko la Mutindwa hutupa vitu hivi kila jioni. Maganda ya mayai yasagwe kabla ya kutiwa. Ndimu, pilipili, chumvi, mafuta, nyama na samaki visitiwe. Mabaki ya biriani, basi, hayana nafasi humo, na aliyeyapika asingepaswa kuwa na mabaki.

Yapo makosa mawili. La kwanza ni pupa: kutia maganda mengi kabla ya yale ya jana kuliwa. Yataoza, yatapata joto, yatanuka, na jirani wa ghorofa ya juu atakuja kubisha hodi. La pili ni zito zaidi, na wengi hulifanya kwa nia njema: kutia mavi ya kuku ndani ya chombo. Mavi mabichi ya kuku yana amonia inayoua nyungunyungu. Tena nyungunyungu anaweza kubeba mayai ya baadhi ya minyoo ya tumbo ya kuku, na akiliwa huirudisha mle mle. Anayewalisha maganda safi ya jikoni huwakinga kuku wake na maradhi, na kwa njia hiyo hiyo huiepusha meza yake na ile shaka ya jallala.

Baada ya miezi miwili au mitatu matandiko yatakuwa yamegeuka udongo mweusi usio na harufu mbaya. Umwage juani juu ya turubai, kwa vichuguu vidogo. Nyungunyungu watakimbilia chini, nawe utakwangua mbolea juu kidogo kidogo hadi ubaki nao kama fundo. Wengi warudishwe chomboni, wachache wapewe kuku. Nasema wachache kwa kusudi. Nyungunyungu akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, lakini akiwa hai karibu asilimia 80 yake ni maji. Kuku mmoja wa mayai hula zaidi ya gramu 100 za chakula kwa siku, na pipa moja halitamshibisha. Nafaka ibaki kuwa wali. Nyungunyungu ni mchuzi. Anayeuza mapipa kwa ahadi ya kuaga gunia la chakula anamdanganya mnunuzi.

Mbolea yenyewe ni kinyesi, na kwa Mashafi kinyesi cha mnyama ni najisi. Mikono na nguo zioshwe kabla ya sala. Mchicha uliooteshwa humo ni halali na safi baada ya kuoshwa. Anayetaka kuiuza amuulize sheikh wake kwanza, kwa kuwa najisi haiuzwi katika madhehebu yetu, na zipo njia walizozieleza mafakihi za mtu kuachilia haki yake kwa malipo.

Dampo la Dandora, lisilo mbali na Umoja, lilifunguliwa mwaka 1975, na kufikia 2001 lilikwisha kutangazwa kuwa limejaa. Hadi leo malori yanamwaga huko, na zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya kuoza. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 yataka taka za kuoza zitengwe na nyingine tangu nyumbani. Mwezi wa Ramadhani ndoo hiyo hujaa maradufu kwa maganda ya tikiti na maembe baada ya futari. Wakati huo ni bora kuyakatakata, kuyatia kidogo, na yaliyobaki kumpa jirani mwenye mbuzi.