Sukari ya duka, sukari ya maabara: Kwa nini kompyuta za hospitali hazielewani

MWAMBIE muuza duka 'sukari' na atakuuliza: nusu ama kilo? Itaje kwa nyanya yako kule ushago, ataanza kukuhesabia majirani wanaougua. Itaje kwa fundi wa maabara, naye atakudunga kidole na kukusomea nambari. Neno moja, maana tatu, na binadamu hatatiziki. Kompyuta je? Hiyo hukwama.

Na si jambo la kuchekesha. Hospitali nyingi nchini zinaacha faili za karatasi, na Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 inataka mifumo yao iweze kubadilishana data. Wengi hudhani ni kuunganisha intaneti tu, basi. Wapi! Data inaweza kufika salama, maana ikapotea njiani.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 19 anayehama Eldoret kuja kusoma Nairobi. Ana kisukari cha aina ya kwanza: mwili wake hautengenezi insulini, kwa hivyo anajidunga kila siku. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iitwayo ICD-10, hali yake ni E10. Aina ya pili, inayowapata watu wengi zaidi na ambayo mara nyingi hudhibitiwa kwa lishe na tembe, ni E11. Kisukari ambacho aina yake haikutajwa ni E14.

Sasa tuseme kliniki alikotoka ina kisanduku kimoja tu: 'Kisukari'. Mtaalamu anayeunganisha mifumo anaona wagonjwa wengi ni wa E11, anawarusha wote huko. Kazi imeisha, bosi amefurahi. Lakini rekodi ya kijana wetu sasa inadanganya. Daktari wa zamu ya usiku akiiamini, anaweza kudhani tembe zitatosha. Mtu wa aina ya kwanza akikosa insulini, anaweza kufa katika siku chache.

Hapa ndipo kazi ya kulinganisha ontolojia inapoingia. Usiogope jina. Ontolojia ni kama kamusi ya mashine: inataja vitu, majina yake, na kipi ni aina ya kipi. Kulinganisha ni kuchukua kamusi mbili na kusema ukweli kuhusu kila jozi: hivi ni sawa, hiki ni kipana kuliko kile, hiki ni finyu, ama hiki hakina mwenzake. 'Kisukari' kitupu ni kipana kuliko E10 na E11. Basi kipelekwe E14, na swali limrudie daktari: ni aina gani?

Vipimo navyo vina mtego wake. Sukari ya 7 kwa mmol/L ni sawa na 126 hivi kwa mg/dL, kwani unazidisha kwa 18. Mfumo ukituma '7' bila kutaja kipimo, aliyezoea mg/dL atadhani mgonjwa yuko karibu kukata roho.

Kumbe Kenya si mgeni katika mambo haya. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilianza 2004 baada ya madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Marekani kuzuru Eldoret, ambako mradi wa AMPATH ulikuwa ukilemewa na data za wagonjwa wa HIV. Kiini chake ni kamusi: kila dhana ina nambari yake, majina kwa lugha mbalimbali, na viungo vya kwenda orodha kama ICD-10. Kiungo huonyesha kama dhana ni 'sawa na' ama 'finyu kuliko' ile nyingine. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu ya OpenMRS.

Kwa kijana anayesaka njia ya kuingia teknolojia, si lazima uwe mkali wa kuandika programu. Kazi hii inahitaji wauguzi, watu wa maabara, na wanaojua kwamba mgonjwa akisema 'presha' huenda anamaanisha ugonjwa, kipimo, ama mawazo ya kodi ya nyumba. Akili unde inaweza kupendekeza jozi, lakini lazima binadamu azikague.

Na siku bosi atakapotaka visanduku vyote vijazwe kufikia Ijumaa, kumbuka hili: kilichoachwa na alama ya kuuliza, kuna mtu atauliza. Kilichojazwa uongo, hakuna atakayeshtuka hadi mgonjwa azidiwe.