Nini Kinachoupambanua Utamaduni wa Nairobi? Ushahidi wa Viambishi Viwili

1. Utangulizi

Imezoeleka kusemwa kwamba Nairobi haina utamaduni. Mombasa, husemwa, ina mila za Waswahili. Kiambu ina za Wakikuyu, Machakos za Wakamba na Kajiado za Wamaasai. Ama Nairobi ni njia panda tu. Na kwa kuwa mwacha mila ni mtumwa, wakazi wake huhesabiwa kuwa watu waliojipoteza. Madhumuni ya makala haya ni kuupima usemi huo kwa ushahidi wa lugha inayosemwa katikati ya jiji na katika vitongoji vya magharibi, hasa Kangemi na Kawangware. Tutajaribu kuonyesha kwamba kasoro yake imo katika swali lenyewe. Huulizwa jiji lina kitu gani ambacho jirani hana, ilhali lililo muhimu ni jinsi jiji linavyovitumia vitu lilivyovipata kwa jirani.

2. Majina ya mahali

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali hapo mwaka 1899, na jina likatwaliwa kutoka Kimaasai: enkare nairobi, yaani maji ya baridi. Kileleshwa nalo linatokana na leleshwa, jina la Kimaasai la kichaka kinachoota sana katika nchi hiyo. Kibra, tunayoiita pia Kibera, ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu, nalo lililetwa na askari Wanubi wa King's African Rifles waliopewa makao huko. Barabara ya Waiyaki inamkumbuka Waiyaki wa Hinga, aliyefanya mapatano na Lugard huko Dagoretti mwaka 1890 akafa Kibwezi mwaka 1892. Westlands ni jina la Kiingereza. Hakuna jamii hata moja inayoweza kudai majina haya yote kuwa yake, lakini kondakta wa matatu huyatamka yote kwa pumzi moja, na abiria wote humwelewa.

3. Viambishi viwili

Majina huweza kuazimwa bila ya kuigusa sarufi. Kwa hiyo inafaa tuangalie mofolojia, ambayo haiazimwi kwa wepesi. Kiambishi cha kwanza ni ka-, pamoja na wingi wake tu-, yaani ngeli ya 12 na ya 13 katika hesabu ya kawaida ya ngeli za Kibantu. Katika Kiswahili sanifu, kazi ya kuonyesha udogo hufanywa na ki- na vi-: kitoto, vitoto, kijiji, vijiji. Lakini Kangemi utasikia kagari na tugari, katoto na tutoto. Ngeli hiyo ni hai katika Kikuyu na Kikamba, na katika baadhi ya lahaja za Kiluhya.

Cha pili ni kiambishi tamati -anga, kinachoonyesha jambo la kawaida: nasomanga, anakujanga. Mfano wake ni -aga ya Kikuyu na -nga ya lugha kadhaa za Kiluhya. Aghalabu walimu hukihesabu kuwa uvivu wa kutotumia hu-. Lakini hu- haichukui kiambishi cha nafsi: mimi husoma, wewe husoma, yeye husoma. Nasomanga, unasomanga na anasomanga hubainisha nafsi ndani ya kitenzi chenyewe. Huo si uvivu. Ni mpango mwingine wa kugawa kazi za sarufi.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni athari ya lugha ya mama tu. Jibu tunalipata kwa Mjaluo aliyekulia Kawangware. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti, wala hakina ngeli za Kibantu. Hata hivyo naye husema kagari, naye husema nasomanga. Hakuvipata viambishi hivyo nyumbani kwao; alivipata mtaani. Hapa ndipo athari ya lugha ya mama inapokoma na kaida ya jiji inapoanza.

4. Je, sifa moja yatosha?

Hata hivyo, hapana budi tujihadhari. Ka- na tu- zinasikika pia katika Kiswahili cha Lubumbashi, mbali sana na Nairobi. Kwa hiyo kiambishi peke yake hakiupambanui utamaduni. Fredrik Barth, katika kazi yake ya mwaka 1969 juu ya makabila na mipaka yao, alieleza kwamba kinachoidumisha jamii ni mpaka unaotunzwa baina yake na wengine, wala si jumla ya vitu vilivyomo ndani yake.

Kwa Nairobi, mpaka huo unaonekana katika mgawanyo wa lugha. Dar es Salaam, Kiswahili hutosha sokoni, nyumbani na katika ofisi nyingi. Kampala, Kiganda kimeshika mitaa. Nairobi, Kiingereza kina ofisi, lugha ya mama ina jamaa, na Kiswahili chenye -anga kina njia, soko na ujirani. Mkazi huyohuyo huvuka mipaka hii mara kadhaa kwa siku, na anayekosea mahali pa kuvuka hutambulikana mara moja kuwa mgeni.

5. Hitimisho

Jambo hili lina uzito nje ya nadharia. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mwaka 1928, na Kamati iliyokisimamia tangu 1930 ilikaa Nairobi yenyewe kuanzia 1942 hadi 1952. Kusanifisha kulikuwa na faida kubwa, nasi hatupendekezi mtihani uandikwe kwa -anga. Lakini mtoto wa Kangemi anapoandikiwa kosa bila ya maelezo, hufundishwa mambo mawili: kwamba sentensi yake si sanifu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba watu wake hawana lugha, jambo ambalo si kweli. Ni wajibu wa idara zetu kuyatenganisha mambo hayo mawili, kwa kuikusanya na kuieleza sarufi ya Kiswahili hiki kama tunavyoieleza Kimvita au Kiamu. Mwalimu aliyeielewa sarufi hiyo ataweza kumwonyesha mwanafunzi njia ya kutoka nasomanga hadi husoma, bila ya kumwambia kwamba alikotoka hapana kitu.