Vumbi la Ifakara juu ya kigari: Fani ya kupaka rangi na kupiga picha magari ya mfano

UKITAJA gari la kuchezea mbele ya mtu mzima wa Ifakara, picha itakayomjia ni ile ya utotoni: kopo la mafuta ya kula lililokatwa kwa kisu, waya uliokunjwa ukawa chesisi, magurudumu yaliyochongwa kutoka kandambili kuukuu na fimbo ndefu ya kuendeshea. Kigari cha namna hiyo kilipita vichochoro vya Lumemo kwa msimu mmoja tu. Masika yalipoingia kilishika kutu, kikatupwa.

Ni watu wachache wanaotambua kuwa kazi hiyohiyo, ikiongezewa msasa, rangi na subira, ni burudani inayowashughulisha watu wazima katika nchi nyingi. Japani, Uingereza na Marekani kuna kampuni zinazouza magari ya mfano yakiwa vipande vipande ndani ya boksi. Mnunuzi huyaunga, huyapaka rangi, huyachafua kwa makusudi na hatimaye huyapiga picha. Lengo ni kwamba atakayeitazama picha hiyo ashindwe kubaini kuwa gari analoliona linaenea kiganjani.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba miongoni mwa matope wanayoyapenda mafundi hao ni ya kwetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoyashinda yamekuwa masomo ya kudumu katika fani hii. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akisaidiwa na Hans Schüller, imetolewa na kampuni ya Hasegawa ya Japani kama gari la kuunga. Hivyo mtu wa Osaka au Hamburg ambaye hajawahi kukanyaga Afrika Mashariki hukesha mezani akitafuta mchanganyiko wa rangi utakaofanana na udongo ambao mkazi wa Lumemo huukung'uta viatuni kila jioni.

Msingi wa fani yote ni skeli, kama ile ya ramani. Skeli ya 1:24 maana yake ni kwamba kila sentimita 24 za gari halisi huwa sentimita 1. Land Rover ndefu ya zamani, yenye urefu wa mita 4.4 hivi, huwa na sentimita 18. Kwa skeli ya 1:43 hubaki sentimita 10, na kwa 1:64 hupungua hadi chini ya sentimita 7.

Wengi wanaoanza hudhani kuwa skeli inahusu bodi peke yake. Rangi nayo ina skeli. Unene wa rangi ya gari halisi ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukikipaka kigari cha 1:24 rangi ya unene huohuo, ni sawa na kulipaka gari halisi tabaka la milimita 2.4: mistari ya milango hufukiwa, bawaba hupotea na gari huonekana kama limechovywa kwenye uji. Ndiyo maana fundi mzuri hupuliza rangi nyepesi mara tatu au nne, akiacha kila tabaka likauke, kuliko kuimaliza kazi kwa mkupuo mmoja.

Kabla ya hapo kuna maandalizi, na hapa mafundi rangi wa gereji hawana la kufundishwa. Bati huoshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta, husuguliwa kwa msasa laini, kisha hupakwa praima. Mbao zinahitaji uangalifu zaidi. Bonde la Kilombero lina mashamba makubwa ya mitiki na mabaki ya mbao zake ni mazuri kwa kuchonga, lakini mtiki una mafuta ya asili yanayoifanya rangi ibanduke. Inafaa uifute kwanza kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikishakauka, dawa ya meno ya kawaida juu ya pamba laini hung'arisha vizuri, kwa kuwa chembe zake za kusugulia ni ndogo mno.

Adui mkubwa wa kazi hii Ifakara ni unyevu. Rangi ya kupuliza inayochanganywa na thina ya gereji hukauka kwa haraka, na thina inapoyeyuka huupoza uso wa bati. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama inavyokuwa bondeni kati ya Machi na Mei, matone madogo huganda juu ya rangi mbichi na kuiachia ukungu mweupe. Watu wengi huilaumu rangi kuwa ni feki, kumbe kosa ni la saa. Pulizia mchana jua likiwa limekausha hewa, au ahirisha. Kopo la rangi ya kupuliza linaweza kupashwa kwa kulitumbukiza katika maji ya uvuguvugu ili rangi itoke laini. Kuliweka karibu na moto ni kutafuta mlipuko.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana, na mwandishi wa makala haya anaona kuwa ndiyo inayostahili kusemwa kwa sauti. Baadhi ya rangi za mafuta zinazouzwa kwa ajili ya milango na madirisha zimekuwa zikitengenezwa kwa madini ya risasi, hasa zile zinazong'aa za njano, nyekundu na za chungwa. Hizo ndizo rangi ambazo mtu angependa kuzipaka basi dogo la mtoto wake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba ubongo wa mtoto unaokua ndio unaoumia zaidi. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni za rangi. Kwa hiyo kigari kitakachoshikwa na mtoto, ambaye hatimaye atakitia mdomoni, kisipakwe rangi ya kopo lisiloandikwa kuwa halina risasi. Rangi za maji ni salama zaidi kwa kazi hiyo. Wala usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, maana vumbi lake huvutwa na wote waliomo nyumbani. Isugue kwa msasa wa maji, nje, watoto wakiwa mbali.

Baada ya gari kung'aa huja hatua inayowashangaza wageni wa fani: kulichafua. Gari jipya lisilo na doa ndilo linalojisaliti upesi kuwa la mfano. Uchafu, hata hivyo, una utaratibu. Vumbi hutua juu ya boneti na paa, tope hurukia nyuma ya magurudumu, na kioo cha mbele hubaki na nusu duara safi iliyofutwa na waipa. Rangi huanza kuchubuka pale penye mikono na miguu: kwenye vitasa, kwenye ngazi, kwenye ukingo wa bodi linapopakiwa magunia.

Mkazi wa bonde hana haja ya kubuni. Anajua kuwa tope la mashamba ya mpunga ni jeusi na likikauka huwa la kijivu, ilhali vumbi la barabara ya changarawe ni jekundu. Anajua pia kuwa lori la miwa ya Kidatu hubeba masizi, kwa kuwa mashamba huchomwa kabla ya miwa kukatwa. Udongo wenyewe unaweza kutumika: ukaushe, uutwange, uuchekeche, kisha uuchanganye na vanishi isiyong'aa. Asitumie mtu chandarua kuchekechea. Tundu lake hupitisha punje ya milimita 1, na punje hiyo kwa skeli ya 1:24 ni jiwe la milimita 24, yaani kokoto iliyonata mlangoni. Soksi nyembamba ya nailoni ndiyo inayofaa.

Picha nayo hufuata hesabu ileile. Mtu mzima hulitazama gari kutoka kimo cha mita 1.6 hivi. Gawa kwa 24, utapata chini kidogo ya sentimita 7, na hapo ndipo lenzi inapopaswa kuwa juu ya ardhi ya kigari. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama huonyesha gari kama linavyoonekana kutoka ghorofani. Kwa kamera kubwa, finya tundu la lenzi ili gari lote lionekane bila ukungu, kuanzia taa za mbele hadi bampa ya nyuma. Simu za mkononi, kwa udogo wa kamera zake, humrahisishia mpigaji kazi hiyo. Mmarekani Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018, alipata sifa duniani kwa picha za mji wa kubuni aliouita Elgin Park. Aliweka magari ya 1:24 juu ya meza barabarani, akayapanga mbele ya miti na majengo halisi yaliyokuwa mbali, akapiga kwa kamera ndogo ya kawaida.

Ifakara inaruhusu mbinu hiyo bila gharama. Saa moja asubuhi jua likitoka mashariki huiangaza Milima ya Udzungwa. Weka ubao wenye gari kwenye kimo cha kifua, jua likiwa nyuma yako, na milima itakuwa mandhari ya kigari. Jioni geukia upande wa Mahenge. Saa sita mchana haifai, kwa kuwa magurudumu huzama kivulini.

Swali linalobaki ni la somo. Magari ya Safari yana watu wa kutosha wa kuyakumbuka. Lakini ni kampuni gani itakayotengeneza foleni ya kivuko cha Mto Kilombero, ambako magari ya kwenda Ulanga yalisubiri zamu kabla ya daraja la mita 384 kuzinduliwa mwaka 2018? Malori ya mpunga, mabasi yenye magodoro juu ya keria na pikapu za abiria vilipanga mstari ukingoni, na abiria wakashuka kununua samaki. Waliokuwepo wanaikumbuka rangi ya kila basi. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawaijui, na picha zilizopo ni za simu za zamani ambazo nyingi zimekwisha kupotea.

Foleni ya magari manne ya 1:43 inaenea juu ya ubao wa nusu mita. Nyuma ya ubao andika skeli, aina ya kila gari, mwaka unaouonyesha na jina la aliyekueleza. Uhifadhi mahali pa juu: Mto Lumemo ukifurika, maji huingia majumbani.