Nyama Isiyongoja

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari za bekoni, vile vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe ambavyo watalii wa Mikumi hula asubuhi na mayai. Kwa baadhi yenu nguruwe haliwi nyumbani, iwe ni kwa Waislamu au kwa Wasabato. Msiwe na wasiwasi, hadithi hailiwi.

Zamani friji hazikuwapo. Ukichinja nguruwe mzima, nani atammaliza kabla hajaoza? Huko Ulaya, kila baridi ilipokaribia malisho yaliisha, watu wakachinja wanyama wengi kwa mkupuo. Ndipo waliposugua chumvi kwenye nyama ya tumbo na ya mgongo, wakaiacha siku kadhaa, na wengine wakaitundika kwenye moshi. Chumvi huvuta maji yaliyomo ndani ya nyama, na bakteria wanaoozesha hawastawi pakavu. Moshi nao hukausha juu, tena una kemikali zinazowazuia.

Wachina hawakumsubiri Mzungu awafundishe. Mwezi wa mwisho wa mwaka wao hutia nyama ya tumbo chumvi, mchuzi wa soya na viungo, wakaianika kwenye upepo ili iliwe Mwaka Mpya. Waturuki na Waarmenia hufanya hivyo kwa nyama ya ng'ombe, wakaiita basturma. Waingereza ndio walioigeuza bekoni kuwa biashara kubwa: ukoo wa Harris, katika mji wa Calne, ulianza karne ya 18 ukaishia kuwa na viwanda. Walowezi wakaleta kazi hiyo Kenya, wakajenga kiwanda huko Uplands, upande wa Limuru.

Sisi je? Ufundi tunao, tena wa siku nyingi. Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Samaki tunawabanika kwenye uchanja, moto mdogo chini, moshi mwingi. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, ikiwa imepita hapa Kilosa, dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika wakapata njia ya kutufikia.

Lakini bekoni haikushika mizizi kwetu, na sababu yake naiona mimi ni hii: nguruwe wa kitimoto huchinjwa asubuhi, madereva wa malori wa barabara ya Zambia wanasimama Mikumi kula, na ikifika jioni hakuna kilichobaki cha kutiwa chumvi.